Gari Jekundu Lisilofika Mombo

Wasomaji wangu, fundi wa magari ya mbio pale Korogwe amefariki. Habari nimeipata sokoni Handeni, huku nilikohamia kwa binti yangu. Muuza nyanya ananiambia, "Bibi, yule bwana wa gari la kutambaa tumemzika jana." Nyanya nikaziacha hapo hapo. Hakuwa ndugu yangu, alikuwa mpangaji wangu zamani, enzi akiendesha trekta la mkonge. Lakini mtu aliyekuchekesha, nyie, akifa unaona kama amekudhulumu.

Yule bwana alipenda magari ya mbio kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Alijinyima, nyama haonji, mpaka akaagiza moja Japani, jekundu, milango miwili, limelala chini kama mjusi. Siku lilipofika akasema, "Shikamoo bibi, panda nikupeleke kwa dada yako Kwedizinga." Nipande wapi, na gari lenyewe la kushukia? Nilivyokaa nikadhani niko kwenye jamvi. Tulipoacha lami, tumbo la gari likasalimia kila jiwe. Kutoka, wamenivuta wanawake wawili, kanga ikabaki ndani. Alicheka huyo!

Likaharibika. Mafundi wote wakasema hilo hatulijui. Akalifungua mwenyewe, akakosea, akalifungua tena, mpaka likamwelewa. Basi wenye magari kama hayo wanaopita barabara kuu wakaanza kumtafuta, naye akaacha trekta, akafungua gereji. Shida ikawa spea, mpaka zitoke Dar, na mteja yuko gesti amenuna. Ndipo akaja bwana harusi kutoka Moshi, pampu ya mafuta imekufa, na ukumbi Handeni unamsubiri. Fundi akalitazama gari lake mwenyewe, lile jekundu. Akaenda kunawa uso. Aliporudi akafungua pampu yake, akampa.

Ikawa ndiyo mtindo, leo pampu, kesho taa. Gari likabaki juu ya mawe, halina hata tairi. Sisi wanawake wa mtaa tukajua amefilisika. Tukachanga unga na maharage, tukaenda kumpa pole kama tunavyokwenda msibani, mimi mbele.

"Pole baba, ni mipango ya Mungu."

"Kwani kafa nani?"

Jirani yangu akalionesha gari kwa kidole. Mkewe akacheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Afadhali mmekuja, muulizeni. Aliniahidi kunipeleka Mombo na hilo gari, nimevaa miwani yangu ya jua. Sasa nitapanda nini, bodi tupu?"

Bwana hakucheka. Akasema taratibu, "Mama watoto, nikilirudishia vyake tutakwenda Mombo, ndiyo. Tukirudi, gereji tunafunga, wateja sina spea ya kuwapa."

Mke akautazama ule mlango mwekundu. Akabeba unga wetu, akaingia jikoni. Hakulidai tena, na Mombo hawakwenda.

Watu wanasema ana bahati anayefanya kazi aipendayo. Hawasemi kwamba kazi nayo ina mdomo, na huanza kula kile kile ulichokipenda. Yule bwana alijua, na alitoa kwa mkono wake mwenyewe, watu wakafika harusini, watoto wake wakasoma. Wa kumwonea huruma ni anayekaa na kitu chake kizuri amekifunika kitambaa mpaka wote wawili wanazeeka. Mimi niliporudi kutoka matangani kwake Korogwe nimefungua kabati, nimetoa vikombe vya maua nilivyowawekea wageni wakubwa tangu nilipoolewa, nikawapa chai majirani niliokwenda nao. Kimoja kimeshakatika mkono. Chai ilikuwa tamu.