Gari Lisilo na Paa na Chuma Kilichoitwa Uchuro

Nilikuwa Lamadi nikingoja dagaa wangu wafungwe kwenye gunia simu ilipoita. Jamaa mmoja wa Bariadi aliniambia kwa kifupi kwamba yule mzee wa gari lisilo na paa ametutoka. Nikamuuliza ni kwenye kona gani. Akasema hakuna kona, amefia kitandani, usingizini, baada ya kusumbuliwa na moyo kwa muda. Nilipofika mjini niligundua kwamba karibu kila aliyepata habari hiyo aliuliza kama mimi, na wapo walioonekana kutoridhishwa na jibu. Mimi nilihuzunika sana. Hakuwa ndugu yangu wala rafiki wa kutembeleana. Alikuwa msomaji wa safu hii aliyenipigia simu kila nilipokosea, na mara nyingine nilipokuwa sijakosea, na sasa simu hiyo haitapigwa tena.

Marehemu aliendesha watalii kwa miaka mingi, katika yale magari yanayoinuliwa paa ili wageni wasimame watazame simba. Nadhani huko ndiko alikopata ugonjwa wa kupenda upepo. Alipostaafu alinunua gari dogo jekundu la viti vinne, ambalo paa lake la turubai lilitakiwa kujikunja na kujikunjua kwa kubonyeza kitufe. Lilijikunja mara moja, huko Dar es Salaam, likagoma kurudi. Alilileta hivyo hivyo hadi Bariadi na kulifanya gari la maharusi. Bwana harusi mmoja wa Zagayu alionywa mapema kwamba barabara ya kwao ina vumbi, akajibu kwamba muhimu ni picha. Bibi harusi alifika ukumbini akiwa na rangi ya barabara kuanzia shela hadi viatu, na picha zipo.

Kilichomfanya ajulikane hasa ni mbio. Mwaka mmoja, pamba ikiwa imeshauzwa na watu wana nafasi, wenye magari kadhaa walikubaliana kushindana katika uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba. Greda likapita, mzunguko ukapatikana. Pale tunapokunywa chai ukazuka ubishi kama gari lisilo na paa linafaa kwa kazi hiyo. Wapo waliosema linafaa kwa kuwa ni jepesi, na wapo waliosema upepo utamtoa dereva kitini. Marehemu alikwenda duka la jirani akarudi na boksi la viatu. Alijaribu kulipindisha likiwa na kifuniko, likakataa. Akatoa kifuniko, likajinyonga bila ubishi. Alitueleza kwamba paa si la kuzuia mvua tu, ndilo linaloshika mwili wa gari, na siku gari likilala kichwa chini ndilo linalobaki kati ya mtu na ardhi. Kwa hiyo gari lake halifai. Kisha akamalizia chai yake na kusema atalifanya lifae.

Alilipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Chini ya sakafu zikawekwa nondo za kukaza mwili, na nyuma ya viti vya mbele likasimamishwa bomba nene la chuma lililokunjwa kama upinde, refu kupita vichwa vya watu. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Mama wa bibi harusi mmoja alikuja kuliona gari, akauliza kile chuma ni cha nini. Mtu mwingine angesema ni pambo. Yeye alisema, "Ni cha siku litakapopinduka." Harusi ikahamia kwenye gari jingine mchana huo huo. Habari zikaenea kwamba mzee anachuria maharusi, anatembea na ajali yake mgongoni, na hakuna bibi harusi aliyepanda gari lile tena. Tulimshauri akifungue kile chuma siku za harusi tu. Alijibu kwamba gari halina ratiba ya kupinduka.

Siku ya mbio yeye ndiye aliyepewa kazi ya kukagua magari, kwa kuwa ndiye aliyelalamika kuliko wote. Kwa gari lake alikuwa na kipimo chake. Dereva anakaa, anavaa helmeti, kisha fimbo ya kuchungia inalazwa kutoka juu ya kile chuma hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele. Kichwa kikigusa fimbo, huendi. Alikaa mwenyewe, na mzee alikuwa mrefu. Fimbo ikalala juu ya helmeti yake. Akatoa mto wa kiti, bado. Akajilaza hadi akawa haoni barabara. Wenzake, ambao walijua amengojea siku ile tangu alipostaafu, walimwambia apite tu, gari ni lake. "Gari ni langu na kichwa ni changu," alisema. "Ndiyo maana nakataa." Akashuka, akampa mkewe ufunguo.

Mkewe ni mwanamke mfupi aliyezoea kuendesha pikapu ya pumba za ng'ombe kutoka Mwanhuzi, kwa hiyo barabara mbaya haikuwa ngeni kwake. Fimbo ilipita juu yake na nafasi ikabaki. Mumewe alimfunga mkanda kwa mikono yake, akaukaza mpaka mama akalalamika. Alikwenda vizuri mpaka kwenye kona iliyo karibu na banda la mzani, ambako gari lililomtangulia lilizunguka likaziba njia. Akalikwepa, tairi likauma tuta la udongo mkavu, na lile gari jekundu likageuka magurudumu juu. Sisi wote tulikimbia. Marehemu alitembea. Aliniambia baadaye kwamba miguu ilikataa kwenda haraka, kwa sababu alijua akifika atajua. Alipofika alimkuta mkewe ananing'inia kwenye mkanda, mzima, chuma kimeshika uzito wote. Mama alimwagiza amshike kichwa kwanza ndipo afungue mkanda.

Ungetegemea tungejifunza. Jioni ile mji ulikuwa umeshakubaliana kwamba chuma ndicho kilichoita ajali. Ndivyo tulivyo. Huku ziwani ukivaa jaketi la kuokolea unaulizwa umeota nini. Bodaboda amening'iniza helmeti kwenye usukani, na ukimkumbusha anaona umemwombea mabaya. Taja wosia nyumbani, watoto watakuuliza unaumwa wapi. Tunaunda kamati za harusi na kukutana kila wiki, lakini anayeuliza ukumbini mlango wa pili uko wapi anaonekana amekuja kuharibu shughuli.

Msibani nilikwenda kumpa pole mjane. Hatua chache kutoka tulipokaa watu walikuwa wameanza tena kile kisa, kwa sauti waliyodhani ni ya chini.

"Nawasikia wanasema kile chuma ndicho kiliita ajali," aliniambia. "Mimi nilikuwa ndani, bhabha. Sikukisikia kikiita. Nilichosikia ni yeye anakuja, anataja jina langu."

Machozi yalinitoka mbele za watu. Kwa hiyo wewe msomaji unayetaka kujua kama gari lisilo na paa linafaa kwenye mbio, nakuambia linafaa kwa mtu aliyelitazama akiwa na akili zake, akasema litapinduka, kisha akaenda kwa fundi. Ukiwa na mtu unayempenda, ifikirie siku yake mbaya mapema, na uivumilie aibu ya kuambiwa unamchuria. Mama yule aliongezewa miaka ya kugombana na mumewe kuhusu gari, pumba na chumvi kwenye mboga, na aliniambia angekubali kugombana naye miaka mingine kama ile.