Bastola Chini ya Makoti

Onesphore alipokuwa kijana kule Masisi, bunduki ilikuwa kitu cha watu wengine. Ukiusikia mlio wake ulikimbia. Hukusubiri kujua ni ya nani. Ndiyo maana mkewe, Goretti, hakuelewa ilikuwaje mtu huyohuyo, baada ya miaka kumi na miwili ya ughaibuni, Columbia Heights, akaanza kununua bastola kuukuu kwenye minada ya Anoka, zile za bei ya chini ambazo wakusanyaji wakubwa huzipita bila kugeuka.

Alikuwa nazo tatu. Kipenzi chake kilikuwa kibastola kimoja cha silinda ya risasi tisa, nikeli imebambuka, mpini wa mbao umelainishwa na viganja vya watu waliokwisha kufa. Kilitumia risasi ndogondogo, zile ambazo nyundo huzigonga ukingoni mwa kitako, na kililia kama ganda la maharage linalopasuka juani. Kila Jumamosi alikwenda kiwanja cha shabaha kutoboa makaratasi, akarudi kukipaka mafuta, akizungusha silinda karibu na sikio: tik, tik, tik. Kwa mara ya kwanza maishani, bunduki ilimtii yeye.

Jumamosi ile ya Januari vidole vilimganda kiwanjani. Alikuwa amefyatua mara tatu tu. Zilizobaki akasema atazitoa nyumbani. Maombi ya jumuiya yalikuwa kwao saa kumi, na saa kumi ya Wakongomani ni saa kumi na moja na nusu. Muda upo. Akatandika taulo kitandani, akaanza kuzisukuma risasi nje kwa kijiti, moja moja.

Hodi ikapigwa saa kumi kasoro dakika tano.

"Papa Heri! Wageni!" Goretti alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

Onesphore alikunja taulo juu ya bastola, akatoka. Alikuwa Nkatha, nesi Mmeru, amewaleta kwa gari lake Reine na bintiye Kirezi wa miaka minne.

"Sisi Wakenya tunafika kwa saa," Nkatha alicheka, akikung'uta theluji. "Nyinyi mkisema saa kumi mnamaanisha kesho."

Wengine wakafuata, kumbe wote walipewa lifti siku hiyo, wakawahi. Nyumba ikajaa. Wimbo ukaanza, kisha Nkatha akawaambia wasimame waombe. Ndipo Onesphore alipotazama ndoano za mlangoni, akaona hazina koti hata moja.

Makoti ya wageni hulazwa kitandani. Kila mwaka, kila nyumba.

Alizungusha macho sebuleni; mtoto hakumwona.

"Mama Heri," alinong'ona. "Kirezi yuko wapi?"

"Kasinzia. Nimemlaza juu ya makoti. Funga macho."

Alipakia tisa, akafyatua tatu. Alitoa ngapi? Nne? Tano? Aliyemuuzia alimwonya: hizi za zamani nyundo hulala juu ya risasi yenyewe, ikigongwa kidogo tu inalipuka. Alipita katikati ya waombaji, akaingia chumbani.

Kirezi alikuwa kifudifudi, mdomo wazi, mguu mmoja umezama kwenye rundo, ukipiga mateke ya ndotoni. Onesphore aliinama. Alimnyanyua kama chungu kilichojaa hadi ukingoni, akamlaza chini kwenye zulia. Akafukua. Taulo lilikuwa limefunguka. Mtutu ulielekea palepale lilipokuwa tumbo la mtoto.

Aliweka kijiti akasukuma. Ganda tupu. Ganda tupu. Ganda tupu. Kisha, kutoka tundu lililokuwa chini ya nyundo, ikaanguka kiganjani risasi nzima.

Goretti alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mtoto, akatazama kiganja. Aliichukua risasi, akaifunga fundo kwenye pembe ya kitenge chake, pale anapofungia sadaka.

"Pardon, Mama Heri," alisema Onesphore. "Nazirudisha bastola zote tatu. Kesho."

"Mimi usiniambie. Mwambie mama yake."

"Leo?"

Sebuleni watu waliitikia amina, na Reine akaita, "Mama Heri, huyo mtoto wangu ameamka?"

Goretti alimnyanyua Kirezi, akamweka mikononi mwa mumewe, akasogea kumpisha njia.