Nilivyojiandalia future juu ya kadibodi, Nairobi ya miaka ya themanini

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Ningekuwa na namna ya kupunguza, ningepunguza.

Humu ndani kila wiki kuna uzi wa kuwaambia vijana "jipangeni, future ni ya waliojiandaa". Nikiuona naupita haraka. Acha niwaambie kwa nini.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Tuliishi kwenye nyumba za reli, Eastlands, hatua chache kutoka Jogoo Road. Baba alikuwa fundi wa mabehewa, na mwisho wa mwaka huo alikuwa anastaafu.

Ukistaafu, nyumba unarudisha. Maana yake familia nzima ilikuwa inarudi magharibi, shambani, isipokuwa mimi nipate kazi na kukodi chumba. Nikipata, mdogo wangu Nekesa angebaki na mimi amalizie shule Nairobi. Alikuwa darasa la sita, msichana mwenye kichwa chepesi kweli. Huko kwetu shule ilikuwa mbali, na mwalimu alikuja siku akijisikia.

Kwa hiyo, wakuu, shule ya Nekesa ilikuwa imekaa juu ya mabega yangu. Nilikuwa nimemaliza form four, sina ujuzi wowote.

Kila tangazo la kazi lilitaka copy typist, yaani mpiga chapa wa kunakili barua. Karo ya secretarial college hatukuwa nayo. Nikanunua kitabu kikuukuu cha kujifunza kupiga chapa, kati ya vile vinavyouzwa vimetandazwa chini barabarani. Kurasa za mwanzo, zile za kueleza mashine yenyewe, zilikuwa zimechanwa. Kilianzia pale unapoonyeshwa vidole vikae wapi.

Nikasema hiyo inatosha.

Mashine sikuwa nayo. Nikachukua ubavu wa boksi la sabuni, nikachora vibonye vyote kwa kuzungushia kizibo cha soda. Mara ya kwanza mistari ilipinda kidogo. Nikatupa. Mara ya pili herufi zilikuwa hazilingani. Nikatupa. Mimi nina ugonjwa huo hadi leo, kitu kikipinda kidogo silali.

Basi nikawa napiga chapa kwenye kadibodi. Asubuhi mpaka mchana, na jioni Nekesa akitoka shule ananifunga macho kwa leso ya mama, ananisomea gazeti huku akitazama vidole vyangu.

"Umegonga R, ilikuwa T."

"Sijagonga R."

"Umegonga, kaka. Rudia."

Vijana wa mtaa walinipa jina Profesa. Nikipita wanagonga hewa kwa vidole: "Profesa, niandikie barua kwa demu wangu! Lakini tafadhali, isome mwenyewe, mimi sioni wino!"

Nilijiambia tutaonana mbele.

Sasa hapa ndipo penye uchungu.

Jirani yetu, Mama Zulfa, alikuwa mama wa Kiswahili wa asili ya pwani, mume wake pia wa reli. Yeye mwenyewe alikuwa typist katika ofisi moja Industrial Area. Siku moja alinikuta kibarazani na kadibodi yangu, akasimama kunitazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vidole unavyo, mashallah. Lakini hilo boksi halikufundishi kitu. Njoo Jumamosi ofisini, bosi hayupo, ushike mashine yenyewe."

Nikamwambia, "Asante mama. Bado sijawa sawa. Nikishakuwa sawa nitakuja."

Akacheka. "Sawa ya nini? Mimi nakuita uje ukosee!"

Sikwenda. Jumamosi iliyofuata akaniita tena, nikamwambia mkono wa kushoto bado mzito. Ukweli ni kwamba nilimwogopa. Alikuwa anajua kazi ile. Sikutaka mtu anayejua aone nakosea. Nilitaka nikifika kwake nifike nimekamilika, ashangae.

Mara ya tatu hakuniita. Alimchukua Idi, mtoto wa kaka yake, kijana wa kucheza mpira na kulala. Idi hakuwa amejiandalia chochote maishani, hata chakula cha jioni.

Kampuni moja ikatangaza nafasi. Siku ya interview tulikaa benchi moja, mimi na Idi. Mimi shati limenyooka, nimerudia zoezi la mwisho kichwani. Yeye anapiga miayo.

Nikaitwa kwanza. Chumba kidogo, mashine moja, mama mmoja wa miwani aliyeniwekea karatasi, akanipa barua ya kunakili, akageukia dirisha.

Nikaanza. Vibonye vilikuwa vizito, vinazama. Mimi nilizoea kugusa kadibodi kama unamgusa mtoto aliyelala. Lakini herufi zilikuwa mahali pake, wakuu! Sikutazama chini hata mara moja. Moyo ukaanza kutulia.

Halafu kengele ikalia. Ting.

Nikaondoa mikono. Nikaiweka mapajani, nikakaa wima.

Mnakumbuka mitihani yetu? Kengele ikilia unaweka kalamu chini. Ukiendelea kuandika unaitwa mwizi. Nilikuwa nimekuzwa hivyo. Nikajua muda umeisha, nikasikitika kidogo kwamba ni mfupi.

Mtauliza kama sikuwahi kusikia mashine ikipigwa. Nilisikia, nikipita chini ya madirisha ya ofisi. Hiyo ting nilidhani ni simu.

Yule mama akageuka. "Umemaliza?"

"Ndiyo, madam. Kengele imelia."

"Kengele gani?"

"Hiyo ya mashine."

Akaja akatazama karatasi. Mstari mmoja, wino umefifia. Akanitazama tena, taratibu, uso ukaanza kumbadilika.

"Hiyo kengele inakwambia mstari unaisha, usukume mkono wa mashine uanze mwingine. Nani alikufundisha?"

"Nimejifunza mwenyewe."

Akafungua mlango wa pili. "Jamani, njooni msikie hii."

Wakaja wawili. Akawasimulia nikiwa nimekaa palepale. Mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Nikaomba nirudie. Yule mama akaniambia, bila ubaya, kwamba watu ni wengi nje.

Idi akaingia. Nikasimama koridoni nikisikiliza. Alipiga kwa vidole viwili, polepole, kama kuku anayedonoa. Lakini kila baada ya muda: ting, krrr. Ting, krrr.

Kazi akapata. Spidi walisema atajifunza hapohapo.

Kwa mshahara wake wa kwanza alinipeleka soko la Burma kula nyama choma. Hakuwa na roho mbaya, na hilo ndilo lililonitesa zaidi. Akaniambia huku anatafuna:

"Maze, hata mimi kengele ilinishtua siku ya kwanza. Niliruka kutoka kitini! Shangazi akacheka, nikacheka, yakaisha."

Nikamsogezea ile nyama yangu.

Nilibisha milango mingine hadi Desemba. Haikufunguka. Siku ya kuhama, mzee mmoja jirani alimuuliza baba kama kijana hakupata kitu. Baba akajibu, "Huyu alijiandaa sana." Hakuwa ananikejeli. Alimaanisha.

Nekesa alimaliza darasa la saba huko shambani, form one hakuiona. Aliolewa mapema. Leo ana wajukuu. Nikimtembelea ananikaribisha vizuri, ananichinjia kuku, hajawahi kulitaja jambo hili hata mara moja. Ningependa siku moja anitukane.

Nilichojifunza si kwamba msijiandae. Ni kwamba kuna kujiandaa ambako ni woga uliovaa tai. Mtu anayekuita ukakosee mbele yake, nenda siku hiyohiyo, na mikono yako mibovu. Ukikataa kukosea kwa anayekupenda, utakosea kwa asiyekujua, na huyo ataita wenzake.

Mnaotaka kucheka, chekeni, nilishazoea. Lakini mwenye mdogo wake ambaye angekuwa mtu mwingine leo kama si yeye, naomba aandike hapa chini anaishi nalo vipi. Mimi bado sijui.