Jibu Pungufu la Mlinzi wa Bomba

Jua halijapanda juu ya mikorosho, na tayari ndoo arobaini na mbili zimepangwa mbele ya bomba la kijiji cha Mnopwe, wilayani Newala. Nyingine zimesimama wazi, nyingine zimefunikwa kifudifudi. Stamili Namtukwa anafungua kufuli, anainama na kulisikiliza bomba kama mganga anayesikiliza kifua cha mgonjwa, kisha anasema neno moja: "Yanakuja."

Mwanamke mgeni, mwenye mtoto mgongoni, anaisogeza ndoo moja iliyofunikwa ili aweke ya kwake. Minong'ono inaanza. Stamili anamwita kando na kumweleza kwamba ndoo iliyofunikwa ina mwenyewe, aliyeiacha tangu jana jioni akaenda zake kulala. Iliyosimama wazi ni ya mtu aliyepo. Nafasi ya mgeni ipo mwisho wa mstari, penye kichuguu.

Mgeni anaitikia, lakini haondoki. Anataka kujua kadi ya zahanati inatolewa wapi, na mtoto wake mkubwa, aliyesoma madarasa mawili kwa Kireno ng'ambo ya mto Ruvuma, ataanza darasa la ngapi. Stamili anajibu swali moja baada ya jingine, mkono ukiwa juu ya koki.

"Mama Pili," anapaza sauti mwanamke mmoja wa katikati ya mstari, "leo unagawa maji au umefungua shule?"

"Vyote viwili," anajibu Stamili bila kugeuka. "Na wewe ulisoma hapa hapa, wala hukulipa ada."

Foleni inacheka. Stamili hacheki. Ana miaka hamsini na mitatu, magoti yanamuuma, na mwezi mmoja uliopita asingemjibu mgeni kwa urefu huo. Siku hizi hakati jibu hata akizomewa, na sababu yake inajulikana kijiji kizima.

Kazi yake ni kulinda bomba. Katika kiangazi kama hiki cha mwaka 1995 hufungua saa kumi na moja alfajiri na kufunga jua likizama. Kila ndoo ni shilingi kumi, na kamati ya maji humpa shilingi elfu tatu kwa mwezi, pampu ya bondeni inapokuwa na dizeli. Pampu ikinyamaza, hakuna ndoo wala mshahara, na wanawake wa Mnopwe huteremka ukingo wa uwanda wa juu hadi bondeni. Mtu hutoka alfajiri akarudi adhuhuri na ndoo moja kichwani.

Zamani maji ya bomba yalikuwa ya bure. Dawa pia, na shule pia. Mambo yamegeuzwa, na aliyezaliwa hapa amekuwa na la kuuliza sawa na aliyefika jana. Hata hivyo, mwenyeji huuliza jirani. Mgeni hana jirani bado, na kitu cha kwanza anachokitafuta ni maji. Ndivyo ilivyotokea kwamba maswali ya watu waliovuka Ruvuma yakaishia mikononi mwa Stamili, ambaye hakuna aliyempa kazi hiyo.

Wengi walikimbia vita ng'ambo. Amani ilipotangazwa miaka mitatu iliyopita, malori yalikuja kuwachukua. Wengine walipanda, wengine wakabaki kwa sababu walikuwa wamekwisha kuoa, kuzaa na kuzika upande huu. Hao ndio wanaoomba sasa kuandikishwa kuwa wakazi wa kudumu. Lugha yao ni Chimakonde kile kile, na mihogo yao huchemka sawa na ya hapa. Yanayowatatiza ni madogo madogo: umsalimie nani kwanza, kodi inalipwa kwa nani, kanisa la karibu liko wapi na msikiti uko wapi.

"Lipo swali ambalo huja mwisho," anasema Stamili. "Huliuliza kwa sauti ndogo, ndoo ikiwa imeshajaa. Kwamba, tukifiwa, tunazika wapi? Akishauliza hilo najua huyo haondoki tena."

Yeye mwenyewe alivushwa kuja upande huu akiwa binti, mwaka 1965. Siku ya pili tu aliona kisima kilichosakafiwa kwa saruji kando ya nyumba, akateka. Hakujua kwamba kisima cha namna hiyo hukinga mvua ya bati la mwenye nyumba, na kwamba maji yake ni mali ya nyumba hiyo kama ilivyo ghala yake. Alitukanwa mbele ya mama yake. Anasema bado anayasikia matusi yale, na kwamba ndiyo yaliyomfanya awe mtu wa kueleza.

Bonifasi na mkewe Julia, ambaye watu humwita Mama Dorika, walifika Mnopwe miaka miwili iliyopita. Serikali ya kijiji iliwapa kiwanja, wakajenga. Kwa shamba, Stamili aliwapeleka kwa Mzee Hamudi, mwenyeji mwenye ardhi kubwa upande wa magharibi. Aliwasemea yeye mwenyewe. Mzee aliwaazima ekari moja na nusu walime mihogo, mbaazi na mahindi, na hakudai chochote isipokuwa adabu.

Desemba iliyopita, siku ambayo maji yalitoka kwa saa mbili tu, Julia alimsogelea Stamili na swali. Walikuwa wamesikia kwamba afisa atakayewahoji atataka kuona dalili ya kuwa wamekuja kukaa. Ni dalili gani itamridhisha?

Nyuma ya Julia wanawake wawili walikuwa wakigombea ndoo. Stamili hakumtazama hata usoni.

"Pandeni miti," alimwambia. "Mwenye miti nani atamwuliza anaondoka lini?"

Alikusudia mipapai na miembe, uani kwao, kwenye kiwanja walichopewa na kijiji. Hilo la uani hakulisema. Julia alibeba ndoo yake na lile jibu pungufu, akampelekea mumewe.

Mvua za Januari zilipokolea, Bonifasi alipanda korosho kumi na nane katika shamba la kuazimwa, mistari mitatu iliyonyooka. Alichagua mbegu nzito akazijaribu kwanza katika maji. Alidhani anafanya jambo la heshima, kwamba ardhi aliyopewa hakuiacha kuwa ya mihogo tu.

Kila mwenyeji wa uwanda huu anajua maana ya jambo hilo. Shamba la kuazima hulimwa mazao ya msimu. Anayepanda mkorosho ametia mkono wake katika ardhi. Mti ni wake, watoto wake wataurithi, na ardhi iliyo chini ya mti hufuata mti. Kuupanda bila kuuliza ni kumwambia mwenye shamba kwamba shamba limekwisha kuwa lako. Jambo hilo halifundishwi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kudhani kuna mtu asiyelijua. Na lingetokea miaka kumi nyuma, pengine lingesameheka upesi, maana mikorosho ilikuwa imeachwa ikamezwa na pori. Lakini tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua korosho, watu wamerudi mashambani na salfa ya kuua ukungu mgongoni, na kila mti unakumbukwa ulipandwa na nani.

Mzee Hamudi hukaa mbali na shamba hilo. Alifika Agosti kukagua mipaka, akaikuta miche imefika magotini. Hakupiga kelele. Aliitembelea yote kumi na minane, akaenda moja kwa moja kwa Erasto, mtendaji wa kijiji, kuliondoa neno lake. Akina Bonifasi wakishavuna mihogo, watoke.

Erasto alikuwa na faili yao mezani. Afisa wa kuhoji waombaji alitarajiwa baada ya siku nane, naye hampokei mtu asiye na barua ya kijiji inayothibitisha kwamba ana nyumba, ana shamba na anafahamika kwa majirani. Bila shamba, barua ingeandikwaje? Na bila barua, Bonifasi, Julia na watoto wanne wangebaki watu wa kupita, wasiojua watakaa mpaka lini.

Habari ilimfikia Stamili bombani, kama zinavyomfikia habari zote. Anasema aliketi juu ya ndoo ya mtu.

"Kuna waliosema wageni hawana shukrani," anaeleza. "Nami nilinyamaza. Siku nzima niligawa maji, nimenyamaza. Jioni nikajiambia, Stamili, haya maneno ni yako."

Asubuhi iliyofuata alimwachia mjumbe wa kamati ufunguo, akaenda na Bonifasi, Julia na mtendaji nyumbani kwa Mzee Hamudi. Walipiga hodi, wakaamkia, wakaketi mkekani. Bonifasi alianza kuomba radhi, Mzee akamkatiza kwa kumwuliza kama ng'ambo alikotoka mtu hupanda mti katika shamba la mwenzake.

Bonifasi alisema hapana, hawapandi. Lakini vita vilimkuta mdogo, na ardhi aliyowahi kulima maisha yake yote ilikuwa ya kambi, isiyo na mwenyewe wa kumwuliza.

Hapo Stamili aliomba kusema.

"Baba, mimi ndiye niliyewaambia wapande miti. Sikuwaambia wapi. Nilikuwa na foleni, nikajibu nusu. Ukiwatoa, umewatoa kwa kosa langu, na mimi ndiye niliyewaleta kwako."

Mzee Hamudi alimgeukia. "Stamili, wewe unajua sheria hii tangu uko msichana."

"Naijua, Baba. Ndiyo maana nikasahau kuisema."

Kwa wale waliokuwapo, hilo ndilo lililomgeuza Mzee, ingawa hakugeuka kikamilifu. Alieleza kwamba hakukasirishwa na mti. Ana wajukuu kumi na mmoja, na siku atakapokufa watakuta mistari mitatu ya mtu wasiyemjua katikati ya ardhi yao. Wataona babu yao aliuza, au alinyang'anywa, naye hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Akaamua: miche ing'olewe na aliyeipanda, mbele ya mashahidi, kisha wazungumze upya.

Iling'olewa siku hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri. Mkorosho mchanga una mzizi unaoshuka wima, hauvutwi kwa mkono, na Bonifasi alilazimika kuchimba kila mmoja kwa jembe. Hapakuwa na aliyemsaidia, kwa kuwa haikuruhusiwa. Julia alisimama kwenye mpaka na Stamili. Stamili anasema alihesabu kila mche, na kila mche aliuona kama unatoka mdomoni mwake.

Mche wa mwisho ulipolazwa chini, Bonifasi alijifuta jasho, akaanza kufukia mashimo.

"Mashimo yaache," alisema Mzee Hamudi.

Kisha akamgeukia mtendaji, akasema shamba lina mlimaji na barua iandikwe. Akaondoka na fimbo yake.

Barua iliandikwa. Afisa alifika siku yake, akauliza maswali yake, akachukua faili na kusema majibu yatakuja. Ni wiki tatu sasa, na hayajaja. Erasto ameonya kwamba huenda yakachukua hata mwaka. Julia amechoka kuulizwa, naye Bonifasi hataki kuulizwa. Wanavuna mihogo, wakiyazunguka mashimo kumi na manane ambayo hawajaambiwa ni ya nini.

Stamili alikwenda kumwuliza Mzee. Alijibiwa kwa ufupi kwamba mvua hazijanyesha. Jibu hilo amelipima usiku na mchana. Mtu asiyetaka miti hana haja ya mashimo, anasema. Na desturi inaruhusu mwenye ardhi kuleta mbegu kwa mkono wake, akampa mlimaji mbele ya watu. Mti uliopandwa hivyo hauna ugomvi, na wajukuu wataambiwa ulivyopandwa. Mzee hakusema atafanya hivyo. Hakusema pia kwamba hatafanya.

Stamili ameomba kamati impumzishe mvua zikianza, visima vya nyumba vinapojaa na bomba kukosa wateja. Amependekeza Julia ashike ufunguo kwa miezi hiyo. Baadhi ya wajumbe wamesita, wakisema huyo hajaandikishwa bado. Stamili amewajibu kwamba maji hayaulizi cheti, na kwamba hamjui mwanamke mwingine anayekumbuka kila swali alilopata kuuliza.

Saa nne asubuhi foleni imekaribia kwisha. Mwanamke mgeni amefikiwa na zamu yake. Ndoo inajaa, naye anamwinamia Stamili na kumwuliza kwa sauti ndogo mahali ambapo mtu anaweza kupata shamba.

Stamili anafunga koki. Nyuma yao mtu anaguna kwa hasira.

"Nitakupeleka kwa mwenyewe," anamwambia. "Lakini kwanza keti hapo, nikueleze habari ya miti."