Viti vya Watu wa Jimu

Araba Bentsil anauza vitambaa vya wax, vile vitenge vya rangi kali, sokoni kwetu Takoradi, Ghana, na tangu nimjue hajawahi kununua kitu bila kukigeuza ndani nje kwanza. Hata vitambaa vyake mwenyewe, mteja akivisifia sana, yeye ndiye anamwonyesha mahali rangi ilipokosea njia. Ndiyo maana siku aliponiambia anataka kulipia uanachama wa jimu, nilidhani jua limempiga.

"Jimu ipi, Araba?"

"Ile mpya, juu ya benki. Yenye vioo."

"Ya wale vijana wenye vifua kama milango?"

"Ekuwa, usinicheke. Nimetoka kliniki."

Nikaacha kucheka. Dada yake mkubwa presha ilimwangusha palepale kibandani, mkasi mkononi, hata soda aliyoagiza haijafika. Mungu amlaze mahali pema. Sasa nesi amemwambia Araba kwamba na yake imepanda vibaya, vidonge peke yake havitoshi, atembee kila siku mpaka jasho limtoke. Asipotembea, asilaumu dawa. Na huyu ni mtu anayekaa kwenye stuli toka asubuhi mpaka jioni, akisimama ni kushusha kitambaa rafuni.

Mtaani kwetu tuna klabu ya mchakamchaka. Jumamosi alfajiri wanatoka na ngoma na tarumbeta, fulana za njano, nyimbo juu, mpaka mlima wa hospitali na kurudi. Mimi nimo humo, kule nyuma kabisa na akina mama wenzangu wa kanisa la Methodisti, tunaotembea zaidi kuliko kukimbia. Nikamvuta Araba akaja. Jumamosi ya kwanza madereva wa teksi wakampigia miluzi: "Mama Vitambaa, lori limeukuta mlima!" Hilo akalimeza. Jumamosi ya pili goti likavimba kama andazi kwenye mafuta, akalala ndani wiki nzima, kibanda kimefungwa.

"Lami ngumu, Ekuwa. Nesi kasema nitembee, hakusema nivunjike."

Ndipo akapanda kule juu ya benki kuulizia. Msimamizi wa pale ni kijana mmoja anaitwa Kobina, mpole, ana meno mazuri. Alimwonyesha mashine yenye mkanda, unasimama juu yake, mkanda unakwenda na wewe unatembea papo hapo, chini laini kama godoro. Goti halikulia hata kidogo. Lakini bei! Mwezi mmoja ni bei ya vitambaa viwili vizuri, vile vya kuvaa harusini.

Jioni akaja kwangu akiwa amevimba kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyepanga bei.

"Hivi nilipe nitembee kwenye mkanda usiokwenda popote, na barabara ya Mungu ipo bure?"

"Barabara imekupa nini?"

"Imenipa goti."

"Basi."

"Basi nini? Vitambaa viwili, Ekuwa! Kila mwezi! Navitoa mwilini mwangu?"

Akachukua dokono yangu, donge la unga wa mahindi ndani ya majani yake, akaimenya bila kukaribishwa, akatafuna. Halafu nikaona uso wake unafunguka.

"Lakini hebu fikiri. Pale wanakwenda watu wa benki, watu wa bandarini, wake za mainjinia. Ukiwa mwanachama mwenzao, siku ya msiba si watakuja na magari? Si watajaza turubai?"

Nami nikaona ni kweli kabisa. Nani kwetu analipa ada ya chama asifikirie siku ile? Chama cha wauza vitambaa tunalipa, umoja wa akina mama kanisani tunalipa, waliosoma pamoja darasa la sita nao wanalipa, na wengine hata majina ya walimu wao wamesahau. Unalipa ili siku umefiwa usikae peke yako na viti vitupu. Tukasema, ada kubwa vile, lazima na kundi litakuwa kubwa. Hatukumwuliza Kobina. Nani anauliza jambo kama hilo?

Akalipa, mwezi baada ya mwezi, kwa kunung'unika. Na haki ya Mungu, ilimfaa. Nesi alimpima akampima tena, akadhani kile kipimo kimeharibika. Presha imeshuka. Goti limenyamaza. Hata sokoni akawa anasimama kuhudumia wateja. Kobina akamwambia, "Mama, kwa nini usilipe wa mwaka mzima? Mwisho wa mwezi huu kuna punguzo." Akaanza kuligeuza hilo punguzo ndani nje, na kabla hajamaliza, mama yake mzazi akafariki kule Sekondi.

Mazishi yalipangwa vizuri. Kadi yenye picha ya marehemu, Araba aliipeleka jimu mwenyewe, na Kobina akaibandika ubaoni kwa heshima, akasema pole sana mama. Araba akarudi kwa wakodishaji akaongeza viti. Chini ya turubai, upande wa kulia wa kanisa, akaweka safu nzima na karatasi juu yake: WATU WA JIMU. Akaagiza na dokono zaidi, na samaki, na maji ya chupa, maana watu wa benki hawanywi ya pakiti.

Siku yenyewe vikundi vikaja kimoja kimoja, na mwenye kipaza sauti akivitaja na rambirambi zao. Wauza vitambaa. Akina mama wa kanisa. Watu wa darasa la sita. Jua likafika katikati. Ile safu imekaa vilevile, upepo unapeperusha karatasi. Wifi yake Araba, Mansa, ambaye ulimi wake nimeshauombea mara nyingi, akainama akasema kwa sauti ya kusikika:

"Hawa wa jimu wapi? Au bado wanakimbia?"

Wanawake wakacheka wakiwa wameziba midomo kwa leso. Araba hakugeuka.

Ndipo zikasikika ngoma, taratibu, zimefunikwa nguo nyeusi. Klabu ya mchakamchaka. Walikuwa wamevaa nyeusi, na fulana za njano wamezifunga mkononi, wamebeba katoni za maji vichwani. Mtu aliyekimbia nao Jumamosi mbili tu, na ya pili alirudishwa kwa teksi! Wakacheza mbele ya familia, wakainama, mchango wao ukatajwa kwenye kipaza sauti. Halafu mwenye kipaza sauti akatafuta pa kuwaketisha, akaona pamejaa kote. Akang'oa ile karatasi, akawaambia karibuni, kaeni.

Araba akanishika mkono mpaka kucha zikaingia.

"Mama nilimlia asubuhi," akasema. "Sasa hivi nalia hasira, Mungu anisamehe."

Jumapili tulikwenda ibada ya shukrani. Jumatatu, kabla hajafungua kibanda, akanipitia, bado na nguo yake nyeusi, tukapanda zile ngazi za benki. Kobina akasimama alipotuona mlangoni.

"Kobina, mwanangu, nimekukosea nini?"

"Mimi? Hapana, mama. Pole tena na msiba."

"Pole iko wapi? Kadi hii hapa, umeibandika kwa mkono wako. Mbona hakuja hata mlinzi?"

Kijana akautazama ubao. Picha ya bibi wa watu ipo katikati ya picha za misuli, anatutazama.

"Mama, hii ni jimu," akasema polepole. "Hatuna kamati ya msiba."

"Ada mnayo?"

"Ada ni ya mashine. Na kiyoyozi. Na maji ya moto ya kuoga."

"Maji ya moto! Nikifa mtakuja kuniosha?"

Nikamvuta nguo. "Araba, taratibu, ni mtoto huyu."

Kwenye mikanda kulikuwa na mwanamke mmoja wa makamo, suruali nzuri, kitambaa cha jasho shingoni. Akasimamisha mashine yake, akatoa vile vidude vya muziki masikioni.

"Samahani, dada. Kadi niliiona. Sikujua Araba Bentsil ndiyo wewe."

"Hukujua? Miezi yote hii natembea ubavuni mwako!"

"Hukuniambia jina."

"Uliniuliza?"

Yule mwanamke akajifuta uso. Hakukasirika. Alionekana amechoka tu, kama sisi.

"Dada, mimi nafanya kazi dirishani, benki hapo chini. Watu mia wananisalimia, nyumbani mashemeji wanasubiri na shida zao. Nakuja hapa ili kwa saa moja nisiitwe na mtu."

Kobina, maskini, akaona anyooshe mambo.

"Mama, lile punguzo la mwaka mwisho wake leo."

Tukatoka mpaka kwenye ngazi. Nilidhani tunashuka. Araba akashika chuma cha ngazi akagoma.

"Klabu inanipenda, goti halitaki. Hapa goti linapenda, watu hawanijui hata jina. Nifanyeje, Ekuwa? Nikikaa kwenye stuli yangu nitakwenda kama dada."

"Tuombe."

"Nimeomba usiku na mchana! Mungu kasema nitembee, wapi hajasema."

Akapumua kwa nguvu, akarudi ndani. Nikamfuata. Akafungua pindo la nguo, akahesabu noti juu ya meza ya Kobina.

"Mwezi mmoja."

"Wa mwaka ni nafuu, mama."

"Najua. Nafanya biashara tangu hujazaliwa. Hela ya mwaka ina watu wake, naipeleka kwa waliokuja na ngoma. Ninyi mtapewa ya mwezi. Mwezi ukiisha, nitafikiria tena nikasirike tena."

Kobina akaandika risiti. Araba akavua kandambili zake, akavaa raba, akaikaza nguo nyeusi kiunoni, akapanda mkanda ule ule wa kila siku. Akamgeukia jirani yake.

"Unaitwa nani?"

"Adoma."

"Adoma, mimi Araba."

"Sasa najua," akasema yule mwanamke, akatabasamu kidogo, akarudisha vidude vyake masikioni.

Araba akanitazama kama vile ni mimi niliyeviweka. Akabonyeza, mkanda ukaanza kwenda. Mimi nikakaa kwenye benchi karibu na mlango kumsubiri, nimejifunika mabega kwa sababu ya ile baridi yao, na watu wakawa wanaingia na kutoka, hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimemfuata nani.