Laini ya jirani ilivyochafua ripoti yangu ya mkopo, na kwa nini nilikataa ifungwe

Kila Jumapili saa nane mchana simu ya jirani ilikuwa inalia, naisikia kupitia ukuta. Mlio wa jogoo, ule unaokuja na simu za bei rahisi. Halafu sauti ya Mama Ojok: "Baba yenu huyo! Zima redio!"

Mpaka leo nausikia.

Habari zenu wakuu. Haya yamenipata mimi mwenyewe hapa Makindye, naandika kama yalivyokuwa. Shule niliishia senior two na Kiswahili changu ni cha barracks, mnivumilie.

Nauza keki za ndizi. Ndoto yangu ni bakery yenye bango la jina langu, hata rangi za bango nishachagua (msicheke). Mzee mmoja Kibuli alikuwa anauza oveni ya gesi, akakubali kunisubiri hadi mwisho wa mwezi. Nikaenda SACCO kuomba mkopo.

Loan officer akaangalia kompyuta.

"Nyabo," akaniita, yaani mama, "CRB inaonyesha una mkopo wa simu hujalipa."

"Mimi? Mimi hata sukari sikopi dukani!"

Kwa wasiojua, CRB ndiyo inatunza rekodi za wakopaji. Ukichafuka pale, hakuna wa kukupa.

Nikaomba nakala ya ripoti yangu, nikaisoma kwa kidole mstari kwa mstari. Namba iliyokopa siyo ninayotumia. Nikaiandika kwenye simu yangu, ikatokea "Laini yangu 2".

Ni ya Mama Ojok.

Alipohamia hapa kitambulisho chake cha taifa kilikuwa hakijatoka, nikamsajilia laini kwa changu. Huku kwetu kuazimana kitambulisho ni kama kuazimana chumvi.

Nilimkuta anafua. "Mwanangu, nilikopa, ndiyo, Ojok alipougua. Lakini nililipa yote, naapa."

Akatafuta meseji ya malipo, hamna. Simu ya zamani ilianguka kwenye beseni, meseji zikaenda nayo.

Kwenye kampuni iliyokopesha, dada wa kaunta alikuwa na njia fupi. "Saini hapa kwamba laini huijui. Inafungwa, jina lako linasafishwa wiki hii hii."

"Na mwenye nayo?"

"Si anunue nyingine? Laini ni kama karanga, ziko kila kona."

Wakuu, kalamu nilishaishika. Oveni nilikuwa naiona kabisa.

Lakini Baba Ojok ni mwanajeshi, yuko misheni Somalia. Anapiga kwa simu ya kambi, huwezi kumpigia wewe. Namba anayoijua kwa kichwa ni hiyo moja. Na kusema siijui ingekuwa uongo.

Nikarudisha kalamu.

Njiani ndipo akili ikafunguka. Statement ya laini anapewa aliyeisajili tu. Si ndiye mimi?

Kesho yake nikapanga foleni kwenye kampuni ya simu na kitambulisho kilekile. Wakanichapia kurasa nne. Ukurasa wa tatu, malipo ya mwisho yapo, na faini juu. Mama Ojok alisema kweli. Waliokopesha walipokea hela, wakasahau kuwaambia CRB.

Nikajaza fomu ya malalamiko CRB, nikaambatisha statement na kopi ya kitambulisho. Kampuni iliyokopesha ikabidi ikubali kosa.

Ilichukua karibu wiki tatu jina langu kusafishwa. Oveni iliuzwa. Mzee aliniambia, "Mwanangu, nilisubiri mpaka mke wangu akaanza kuuliza wewe ni nani."

Mkopo nilipata baadaye, nikanunua oveni ndogo ya treya mbili. Bango bado.

Nilichojifunza: omba ripoti yako kabla hujaihitaji. Ukimaliza deni, dai barua. Karatasi ya haraka haraka, kwanza uliza itamwangukia nani. Na kitambulisho usimwazimishe mtu, hata unayempenda.

Kama kuna aliyesafisha jina kwa muda mfupi zaidi, atueleze alipita wapi. Na mnaotaka kunigombeza kwa kusajili laini ya mtu, gombezeni tu, nimestahili.

Kitambulisho cha Mama Ojok kilitoka mwezi uliopita. Tukahamisha laini kwa jina lake, namba ileile.

Jumapili iliyofuata nilikuwa peke yangu ndani, keki ziko kwenye oveni, jogoo akalia ukutani. Nikachukua simu yangu, nikafuta "Laini yangu 2", nikaandika "Mama Ojok".