Paa la Bi Zumra na Taa za Mnara

Sifa zote ni za Yule aliyeiezeka dunia kwa mbingu isiyohitaji fundi, akatuachia sisi waja wake taabu ya boriti, vigae na mihuri. Ninalotaka kulisimulia ni habari ya jirani yangu Bi Zumra Telalagić, wa mtaa wetu wa mlimani hapa Sarajevo, na kibali cha paa alichokitafuta mwaka ule Ramadhani ilipoangukia Oktoba. Sehemu ya habari hii niliifungia kifuani kwa miaka mingi, kwa kuwa niliombwa. Aliyesitiriwa kwa kimya hicho sasa ametangulia mbele ya haki, na Zumra mwenyewe amenipa idhini. "Andika, Efendi," aliniambia, kwa jina tunaloitwa maimamu huku kwetu, "ila usinipambe. Mimi si bibi harusi."

Bibi harusi alikuwa zamani, alipoletwa mtaani kwetu kutoka kijiji kimoja cha kando ya mto Drina, akiwa na umri wa miaka ishirini. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika kiwanda cha soksi, si kufuma bali kukagua. Soksi zilivishwa mguu wa mbao na kupitishwa mbele yake, naye alitakiwa auone uzi mmoja uliokatika kabla soksi haijampita. Kazi hiyo ilimwachia macho makali na ulimi wa kufanana nayo. Muuza mboga wetu, akimwona tu anateremka kilima, huanza mwenyewe kuziondoa nyanya mbovu mezani.

Paa lake lilikuwa kazi ya marehemu mumewe, Mustafa. Vita vilipokwisha, aliiezeka nyumba kwa alivyojaliwa kupata: milango ya nyumba zilizobomoka, mbao za masanduku, vigae vya kuokoteza. Lilikuwa paa la pande mbili, lenye mwinamo mdogo, kwa sababu mbao hazikutosha. "Hili ni la muda," alisema Mustafa. Akafariki miaka sita baadaye, na paa la muda likabaki juu. Kisha ukaja mwaka ambao theluji ilikaa wiki tano bila kuyeyuka, na asubuhi moja boriti ya mgongo wa paa ikapasuka kwa kishindo kilichosikika hadi nyumbani kwangu.

Majira ya kuchipua mkaguzi wa manispaa alipanda darini. Alishuka amejaa vumbi, akaandika kwamba paa libadilishwe kabla ya tarehe mosi Novemba. La sivyo nyumba ihamwe mpaka baridi ipite. Binti wa Zumra, Nermina, aliyeolewa Uswidi, akapiga simu siku hiyo hiyo.

"Mama, njoo ukae na sisi. Nyumba ina vyumba vitatu, joto lipo mchana na usiku."

"Na mchana mkienda kazini nitaongea na nani? Na jokofu?"

Lakini simu ilipokatika alikaa kitako juu ya ngazi zake za mawe, nami nilimwona amekaa hapo muda mrefu. Alijua, kama tunavyojua sote huku juu, kwamba nyumba ikikaa baridi nzima bila moto jikoni na boriti ikiwa imevunjika, mwenyewe akirudi hukuta kifusi. Na mwanamke wa umri wake akishakwenda Uswidi, harudi ila kwa mazishi.

Basi akatafuta kibali. Mchoraji wa ramani, kijana mmoja mstaarabu aitwaye Damir, akamchorea paa jipya la pande mbili kama lililokuwepo, ila mgongo wake uinuke kiasi cha kimo cha mtoto, ili mwinamo uwe mkali na theluji iporomoke yenyewe. Sheria ikataka majirani wanne waliopakana na kiwanja waweke sahihi. Desturi ya mtaa wetu nayo, iliyo kongwe kuliko sheria, ikataka kabla ya paa kuinuliwa isimamishwe nguzo yenye kitambaa cheupe, kileleni pake pawe pale paa litakapofika, ili jirani wa juu aketi dirishani kwake na ajionee atakachopungukiwa. Kwetu mtu humiliki nyumba yake, na pia humiliki anachokiona kutoka dirishani mwake. Zumra aliisimamisha nguzo mapema Septemba.

Majirani watatu tulitia sahihi kwa siku moja. Wa nne alikuwa Hilmo Kazazović, mzee aliyefiwa na mkewe, aliyekaa nyumba ya juu kabisa nyuma ya Zumra. Alikuwa mfua shaba. Kwa miaka arobaini na mitano aligonga sinia na madele ya kahawa katika uchochoro wa wafua shaba kule sokoni. Mtaani alisifika kwa kazi yake na kulaumiwa kwa kiburi, maana unaweza kumsalimu kwa nyuma mara tatu naye asigeuke.

Zumra alimkuta langoni kwake. "Mzee Hilmo, karatasi hii hapa, kalamu hii hapa. Weka jina lako, nami nitakuombea dua."

"Sikubali."

"Hukubali kipi? Paa langu au dua yangu?"

"Nguzo imepanda mno. Sikubali." Akageuka kuingia ndani.

"Ni lile tawi la mplamu wako, sivyo?" Zumra alimpigia kelele mgongoni. "Miaka kumi sasa! Mustafa aliyelikata yuko kaburini, mfuate huko ukamshitaki!"

Hilmo hakutikisa hata bega. Alifunga mlango taratibu, na sote tuliokuwa tukisikiliza madirishani tukasema: tazama kiburi.

Mimi, niliyekuwa imamu wa mtaa, nilimwendea kwa kilemba na kitabu. Wanazuoni wetu wa kale waliandika milango mirefu juu ya ukuta wa jirani, kivuli chake na maji ya paa lake, nami nilimsomea sehemu nzuri ya milango hiyo. Alinitazama mdomoni muda wote kwa umakini ambao niliudhani ukaidi. Nilipomaliza alisema, "Umesema vizuri sana, Efendi. Lakini sikubali." Kisha akanipa kahawa, na ilikuwa kahawa nzuri.

Ofisini mambo hayakuwa bora. Karani wa dirisha la vibali, Bi Jadranka, alizihesabu sahihi kwa ncha ya kalamu.

"Mama, hapa zipo tatu. Zinatakiwa nne."

"Huyo wa nne hatii sahihi hata akiletewa barua ya kuingia peponi."

"Basi subiri afike huko, umwombe akiwa na furaha. Mimi bila ya nne siwezi." Kisha akashusha sauti. "Mama yangu, faili lako nalitamani litoke kuliko wewe. Mama yangu mzazi naye anakaa chini ya paa kama hilo. Lakini siwezi."

Septemba ikaisha hivyo, na milima iliyouzunguka mji ikaanza kuvaa weupe vileleni. Nermina alikwishamkatia mama yake tiketi.

Siku ya kwanza ya Ramadhani, ada yetu ni kumpelekea futari jirani wa karibu, hasa yule mliyekosana naye. Niliogopa Zumra angeiacha ada hiyo mwaka huo. Baadaye aliniambia, "Nilitaka kumpelekea sumu, Efendi, lakini jikoni nilikuwa na supu tu." Akaweka kwenye sinia bakuli la supu ya bamia, tende na mkate wa moto, akapanda kilima.

Aliingia dakika chache kabla ya magharibi. Hilmo alikuwa amekaa dirishani, ameupa mlango kisogo. Kiti chake hakikuwa mahali pake pa siku zote. Kilikuwa kimesukumwa mpaka ukutani, naye amepinda shingo kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Zumra akatoa salamu. Hakujibiwa. Akairudia kwa sauti ya kiwandani, ile ya kuishinda mitambo. Hakujibiwa. Akaliweka sinia mezani kwa nguvu kuliko ilivyostahili, na hapo ndipo Hilmo aliposhtuka, akamwona, akamwashiria akae.

Mzinga wa kufuturu ukalia kutoka ngomeni. Vioo vya dirisha vilitetemeka na kijiko kikacheza ndani ya bakuli. Zumra akaiinua tende yake. Kisha mkono wake ukasita, kwa sababu Hilmo, tende yake ikiwa vidoleni, hakusogea. Hakuwa ameusikia mzinga unaosikika mji mzima. Macho yake yalikuwa nje, chini, juu ya paa la Zumra, penye nguzo na kile kitambaa cheupe. Na nyuma ya kitambaa ulisimama mnara wa msikiti wetu. Mwadhini wetu alikuwa mzito wa mwili, na swichi iko chini ya ngazi ambako lazima ainame, kwa hiyo taa za mnara zinazotangaza magharibi huchelewa kidogo baada ya mzinga. Zilipowaka, pete ya taa ilionekana nusu tu, imebanwa baina ya kitambaa na mbao za dirisha. Hilmo akapumua. "Bismillahi," akasema, akafungua saumu yake.

Mtu aliyekagua soksi miaka thelathini na mmoja hahitaji kuonyeshwa uzi mara mbili. Zumra aliuona mgongo ule langoni, salamu zote zisizojibiwa, macho yanayotazama midomo ya watu, na nyundo za miaka arobaini na mitano juu ya shaba. Aliona pia kwamba kiti kimeshafika ukutani na hakiwezi kusogea tena. Paa likisimama pale penye kitambaa, mzee huyu hataijua magharibi mpaka aende kumuuliza mtu, na hatakwenda kamwe.

Hilmo alionja supu, akasema kwa sauti kubwa, "Haina limau."

Zumra akageuka amtazame usoni, akaufungua mdomo vizuri. "Na wewe huna shukrani."

Hilmo akacheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi kucheka pamoja.

Asubuhi Zumra alikuwa mlangoni kwangu kabla sijavua viatu vya msikitini. "Efendi, nikumbushe: kabla ya vita, nyumba yangu ilipokuwa ya mama mkwe, paa lilikuwa la pande ngapi?"

"La pande nne, kama nyumba zote za mtaa."

"Pande nne." Akafumba macho. "Kwa hiyo mgongo ulikuwa mfupi, hapo katikati tu. Upande wa msikiti ulikuwa umeinama."

Ndipo akanieleza, akaniapisha nisiseme. Niliona haya kubwa. Mtu huyu alikuwa akisimama safu ya kwanza nyuma yangu kila Ijumaa, akiinama walipoinama walio kando yake, na hotuba zangu zote juu ya kuwadhania watu mema hakuwa amesikia hata moja. Aliyezihitaji ni aliyekuwa akizisoma.

Damir hakufurahi. "Bi Zumra, ramani nimeshaitia muhuri."

"Mwanangu, mimi nilirudisha soksi elfu ngapi zenye muhuri! Chora upya. Paa la pande mbili linafanana na kibanda cha kuku."

"Na mbao zitaongezeka, na mafundi watalalamika kwa zile pembe."

"Wakilalamika nitawasikia. Masikio ninayo."

Kijana akachora. Alipomaliza aliitazama kazi yake kwa mshangao. Kwa pande nne, mgongo mfupi uliweza kuinuka vile vile, theluji ikapata njia nne za kuteremkia badala ya mbili, na nyumba ikarudia sura iliyoachwa na mababu. "Kusema kweli, hili ndilo nililotakiwa kulichora tangu mwanzo," alikiri.

Nguzo ikahamishwa katikati. Siku hiyo hiyo, kabla ya kuombwa, Hilmo aliteremka hadi langoni kwa Zumra.

"Mbona umebadilisha?"

"Nimependa tu. Nyumba yangu, kichwa changu, kofia yangu."

Alimtazama usoni. Sijui alisoma nini pale, na Zumra naye hajui mpaka leo. "Lete kalamu," akasema. Aliandika jina lake taratibu, kwa herufi zile wanazochora mafundi shaba ukingoni mwa sinia, na karani Jadranka alipoiona sahihi hiyo aliigeuza huku na huku.

"Hii ni sahihi au pambo?"

"Piga muhuri, binti yangu, kabla hajaongeza maua."

Kibali kilitoka tarehe kumi na nne ya mwezi mtukufu. Mafundi wakaja na turubai na makelele yao. Wakalalamika kweli juu ya pembe, naye akawasikia kweli, akawajibu. Milango ya Mustafa ikateremshwa mmoja mmoja. Zumra aliuacha mmoja, wa samawati, akaufanya mlango wa stoo ya kuni. Siku ya mwisho ya kazi Hilmo alileta kifuniko cha bomba la moshi, cha shaba, alichokifua kwa mkono, na akasimama chini akiwaelekeza mafundi kwa fimbo namna ya kukipachika. Mkaguzi akapanda, akashuka safari hii akiwa safi, akaandika neno moja: linafaa. Nermina alirudisha tiketi, akapewa nyingine ya kuja yeye na watoto.

Siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani mawingu yalishuka, na kabla ya magharibi theluji ikaanza. Zumra alipanda na sinia lake. Kiti cha Hilmo kilikuwa kimerudi mahali pake katikati ya dirisha, na kando yake kilikuwepo cha pili. Wakakaa. Chini yao vigae vipya viliingia weupe upande kwa upande, na kile kifuniko cha shaba kikabaki kuwaka peke yake.

Mzinga ulilia, umefifishwa na theluji. Zumra aliusikia vizuri. Tende yake ilikuwa vidoleni, na limau lilikuwa limekamuliwa kwenye supu. Akautazama mnara, pamoja na Hilmo, akangoja taa.